Ndege ya Mzee na Ng'ombe wa Kutoka 21



Juma hili naomba tusome Kutoka 21, kuanzia aya ya 28 hadi mwisho wa sura, halafu Yeremia 32, aya ya 6 hadi ya 15. Najua Kutoka 21 si sura ambayo watu huipigia mstari. Ni sheria za ng'ombe, punda na mashimo. Isomeni hata hivyo, nami niwaeleze nilikotoka nayo.

Jumanne iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu alinipigia simu akaniomba nifike Uwanja wa Ndege wa Wilson, na nisisahau miwani. Nimezoea kuitwa nije na Biblia. Nilipofika nilimkuta ndani ya hanga, amekaa kwenye kigoda chini ya bawa la ndege yake, na mjukuu wake amesimama kando na karatasi mkononi. Mzee anauza ndege. Mjukuu alikuwa amemwandikia tangazo, na kwa kuwa macho ya mzee hayasomi tena herufi ndogo, alitaka mtu amsomee kila neno kwa sauti kabla tangazo halijatoka. Macho hayohayo ndiyo yaliyomnyima cheti cha afya cha urubani, na bila cheti hicho hana ruhusa ya kuirusha.

Ndege yenyewe ni Piper Aztec, iliyotoka kiwandani Lock Haven, Pennsylvania, mwaka 1966. Ina viti sita na injini mbili za Lycoming, kila moja na silinda sita na nguvu za farasi 250. Piper walianza kuuza Aztec mwaka 1960 na wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 40. Hii ya mzee imebeba walimu, wauguzi, wagonjwa, vifaranga, mbegu, na zaidi ya mara moja imemrudisha marehemu pwani akazikwe na watu wake. Aliinunua pamoja na marafiki wawili, na wote wawili nimewazika mimi.

Nikasoma. Mwaka, saa ilizoruka, rangi, redio. Nikafika kwenye mstari uliosema kwamba ina injini mbili, hivyo usalama ni mara mbili.

"Simama hapo hapo, Mchungaji," mzee akasema. "Hayo ni maneno ya kumuua mtu."

Kijana alishtuka. "Lakini babu, si ni kweli ziko mbili? Moja ikizimika, si inabaki nyingine?"

Nami nilidhani hivyo. Nadhani na ninyi wengi mngedhani hivyo, kwa hiyo acheni niwapitishe alikotupitisha mzee, kwa maana tafakari yangu yote ya juma hili imetoka hapo.

Ndege ikiruka bila kupanda wala kushuka, sehemu kubwa ya nguvu inaliwa na kazi ya kuibeba tu hewani. Kupanda kunatoka kwenye ziada inayobaki. Mzee alitupa mfano wa nyumba yenye mishahara miwili. Kodi, karo, unga na nauli vinaumaliza mshahara wa kwanza karibu wote, na akiba inatoka kwenye wa pili. Siku mmoja akiachishwa kazi, nyumba haipotezi nusu ya akiba. Inaipoteza karibu yote. Ndivyo zilivyo ndege ndogo za injini mbili za zamani: moja ikizimika, nguvu inapungua nusu, lakini uwezo wa kupanda unapungua kwa asilimia 80 au zaidi. Hapo ongeza propela iliyokufa inayoukinga upepo kama mlango uliosahauliwa wazi, na ile injini nzima inayoivuta ndege upande mmoja hadi mguu wa rubani unatetemeka kwenye kanyagio. Na Wilson iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Saa saba mchana, jua kali, hewa nyembamba, viti vimejaa na mizigo nyuma, injini moja huenda isitoshe hata kuibakiza ndege pale ilipo. Kazi inayoweza kufanya ni kumpa rubani dakika chache za kuchagua atatua wapi. Dakika hizo ni zawadi kubwa kwa rubani anayejua kuwa ndizo alizonazo. Aliyeambiwa kwamba usalama ni mara mbili atazitumia kung'ang'ania kupanda.

Kisha mzee akaongeza jambo jingine, ambalo mimi nisingeliota. Katika ndege yake, pampu ya haidroliki inayoshusha magurudumu inaendeshwa na injini ya kushoto peke yake. Ya kulia haina pampu. Na hiyo ya kushoto ndiyo ambayo ikizimika ndege inakuwa ngumu zaidi kuiongoza. Kwa hiyo siku ya taabu, rubani anaishikilia ndege isipinduke kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapampu magurudumu kwa wenzo wa mkono, mara 30, mara 40, mpaka yafunge. Upo pia mtungi wa gesi wa kuyasukuma chini pampu ikishindwa kabisa, lakini huo ni wa mara moja.

"Liandike hilo," akamwambia mjukuu.

"Babu, nani atainunua?"

"Atakayejua anachonunua."

Historia ya injili katika sehemu hizi nayo inazijua injini mbili. Januari 1948 vijana wawili Waingereza, Jack Hemmings na Stuart King, ambao walikuwa wametumika katika jeshi la anga wakati wa vita, waliondoka Croydon katika Miles Gemini, ndege ya mbao yenye injini mbili za nguvu za farasi 100 kila moja. Waliiita Mildmay Pathfinder. Walikuja kwa niaba ya shirika changa la ndege za kimisheni, MAF, kuzunguka vituo vya misheni vya Afrika ya Kati na Mashariki, waone kama ndege ingeweza kuwafikia watu ambao barabara haikuwafikia. Septemba mwaka huohuo ndege ile ilianguka katika milima ya Burundi. Wote wawili walitoka wazima. Walirudi kwao bila ndege, wakiwa na habari za kweli juu ya nchi hizi na milima yake, na mwaka 1950 kazi ikaanza Sudan kwa ndege nyingine ya injini mbili, de Havilland Rapide. Ninawaheshimu sana watu hao, na zaidi ya kuruka kwao, ninaheshimu kwamba ajali haikufichwa ili kazi ionekane imebarikiwa.

Sasa turudi kwa ng'ombe.

Sheria ya Kutoka 21 inasema ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe mpaka afe, ng'ombe auawe kwa mawe, na mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga, na mwenyewe alikuwa ameambiwa, naye hakumfunga, hapo hukumu inamgeukia mwenyewe, na maisha yake yanawekwa mizanini. Ng'ombe ni yuleyule, pembe ni zilezile, marehemu ni yuleyule. Tofauti yote imekaa kwenye neno moja: aliambiwa. Mungu anamwuliza mwenye mali jambo ambalo hakimu hawezi kulisoma kwenye jeraha, yaani alijua nini, na alijua tangu lini.

Sura hiyo inasema aliyemjua ng'ombe wake amzuie. Kumwuza ng'ombe wa namna hiyo haikutaji. Nimelifikiria hilo juma zima. Kwa maana mtu mjanja anaweza kuona mlango hapo. Siku ya mnada anamkokota ng'ombe sokoni akiwa ameshiba na kutulia, anapokea fedha, na jioni pembe zimehamia boma la mtu mwingine ambaye ana watoto wanaocheza uani. Fedha zimehamisha ng'ombe. Habari za pembe hazikuhama, zimebaki kwa aliyeuza, na kwa mujibu wa sura hii hatia inakaa pale habari zilipo. Siamini kwamba risiti inaiondoa. Kumbukumbu la Torati 22 linamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo kandokando ya dari yake, mtu asije akaanguka. Ukingo ule unamlinda mgeni ambaye hujui atakuja lini. Muuzaji wa kitu cha hatari ana dari mikononi mwake.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimekua na methali hiyo na ninaipenda. Lakini ndege ya mzee ni nzuri, na ina pembe. Kitu kizuri chenye pembe hakiwezi kuachwa kijiuze chenyewe, kwa sababu uzuri wake unaonekana kwa macho na pembe zake zinajulikana na mtu mmoja tu. Mtu huyo asiposema, hakuna mwingine wa kusema.

Mnunuzi naye ana yake. Mithali 20 inamfahamu vizuri yule anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Hilo tutalichukua siku nyingine.

Mzee alimtuma mjukuu alete vitabu. Ndege haiuzwi bila vitabu vyake. Kipo cha mwili wa ndege, kila injini ina chake, kila propela ina chake, na ndani yake kila kazi iliyofanywa imeandikwa tarehe, saa, na sahihi ya fundi mwenye leseni. Injini za namna hii hupewa saa 2,000 hivi kabla ya kufunguliwa zote na kujengwa upya, na mnunuzi anayejua kazi yake huangalia saa zilizobaki kabla hajaangalia rangi. Kitabu kimoja kikipotea, bei inashuka vibaya, kwa sababu kinachokuwa kimepotea ni ushahidi.

Mjukuu alifungua kimoja cha zamani akanyamaza. Kisha akasema taratibu kwamba ukurasa huu labda si lazima mtu auone, ni mambo ya zamani mno. Nikaomba nione. Ulieleza kwamba ndege ilitua kwa tumbo kwenye kiwanja kimoja cha pwani, propela zote mbili zikapinda, injini zote mbili zikafunguliwa kukaguliwa. Sababu: rubani alisahau kushusha magurudumu. Chini yake kulikuwa na sahihi ya rubani mwenyewe. Ilikuwa ya mzee.

Hakuna aliyemlazimisha kuandika neno lile, alisahau. Angeweza kuandika kwamba magurudumu hayakushuka, na chuma kisingembishia. Alimwambia mjukuu wake jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari langu la mahubiri: kwamba kama angeisingizia pampu, kila fundi aliyekuja baadaye angekuwa anatafuta ubovu mahali ambapo haupo.

Nimewahi kukaa na watu wengi katika maungamo ya faragha, na nimeona wangapi wanasema magurudumu hayakushuka.

Ndiyo maana nimewapa na Yeremia 32. Nabii yuko kifungoni katika ua wa walinzi, Yerusalemu imezingirwa, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba lililoko Anathothi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi. Zinaandikwa hati mbili, moja inatiwa muhuri na moja inaachwa wazi, na Baruku anaagizwa azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mara nyingi tunaihubiri sura hii kama sura ya tumaini, na ni kweli. Lakini tazameni jinsi biashara yenyewe ilivyofanyika mchana. Kasoro ya shamba lile haikufichika kwa mtu yeyote. Jeshi la Babeli lilikuwa nje ya ukuta. Yeremia hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alinunua huku anajua yote, na kwa sababu alijua yote tumaini lake lilikuwa tumaini kweli. Kama Hanameli angemwambia kwamba nchi imetulia, tungekuwa tunasoma habari ya mtu aliyetapeliwa.

Kutoka kwenye vitabu mzee alitupeleka kwenye mwili wa ndege. Aztec haina ngozi ya alumini peke yake; ndani ya sehemu ya abiria kuna kiunzi cha mabomba ya chuma, na ngozi imefunika juu. Ndege hii ililala Malindi miaka minne, na hewa ya chumvi haihitaji tundu kubwa. Nje inang'aa. Alifungua kifuniko sakafuni, akanipa tochi, akanielekeza pa kuangalia. Palikuwa na kutu pamoja na rangi mpya ya kuizuia, na tarehe ya kazi hiyo imeandikwa. "Fundi wa mnunuzi aanzie hapa," akasema. "Nisimwache aanzie kwenye injini, atachoka kabla hajafika." Wauzaji wengi ninaowajua humpeleka mnunuzi kwenye kile kinachopendeza kwanza. Huyu alikuwa anapanga jinsi ya kumwokolea mgeni nguvu za kuutafuta ubaya.

Nami inanipasa kusema langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, niliuza gari. Lilikuwa linachemka. Lilikwenda vizuri likiwa baridi, na likipanda mlima jua likiwa kali sindano ya joto ilipanda nalo. Fundi aliniambia ni gasketi, na akaniambia gharama. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipouliza aje saa ngapi kuliona, nilimwambia aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya ibada ya mapema. Sikumdanganya hata neno moja. Aliuliza kama lina shida, nikamjibu aliendeshe aone mwenyewe. Aliendesha barabara ya tambarare, asubuhi yenye ukungu, akafurahi, akanilipa, tukaomba pamoja. Mimi ndiye niliyeongoza maombi.

Lilimfia barabarani baada ya wiki tatu, familia yote ikiwamo. Hakuna aliyeumia. Hakunilaumu, maana aliamini ni bahati mbaya, na mimi nikamwacha aamini. Niliposikia mzee akisema Jumanne kwamba mtihani wa ndege yake ni saa saba mchana ikiwa imejaa, na si alfajiri ikiwa tupu, nilijua kwamba tangu siku ile nilikuwa mwenye ng'ombe aliyeambiwa. Jumatano nilimtafuta mwalimu huyo. Amestaafu, yuko kwao Machakos. Nimemweleza. Tumekubaliana juu ya fedha, na yaliyobaki kati yetu ni yake kuyasema, si yangu.

Kwa hiyo ninapozungumza na ninyi mnaouza, sizungumzi kutoka juu. Kuna kati yetu wanaouza ploti ambazo wanajua kuna kesi. Kuna anayeuza ng'ombe wa maziwa aliyewahi kuugua kiwele, na gari lililozama mafuriko ya juzi likakaushwa na kupakwa manukato. Mnunuzi haulizi, nanyi mnasema hakuuliza. Naomba juma hili kila mmoja mwenye kitu sokoni akae chini ajiulize: nimeambiwa nini juu ya kitu hiki ambacho anayekuja hajaambiwa? Kisha amwambie, kabla ya bei, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Ukipoteza mnunuzi kwa sababu hiyo, njoo uniambie, tuombe pamoja, na kama ulikuwa unaitegemea fedha hiyo kwa karo, kanisa lijue. Ukweli una gharama, na si haki gharama yote imwangukie mmoja huku sisi wengine tunamsifu.

Ijumaa mnunuzi alikuja. Ni rubani kijana kutoka Tanzania, anataka ndege ya kubebea wagonjwa na mizigo kutoka viwanja vidogo. Alimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na kabla hajakaa mzee akamkabidhi kile kitabu cha zamani, kimefunguliwa kwenye ukurasa ule. Kijana alisoma kimya, akatazama sahihi, akamtazama mzee. Fundi wake alianzia sakafuni, kwenye mabomba. Walipima mgandamizo wa silinda zote kumi na mbili, wakakata chujio la mafuta kutafuta chembe za chuma. Mzee alimweleza kwamba injini zinakunywa karibu lita 100 kwa saa, na avgasi ina siku haipatikani kabisa, apige hesabu yake sawasawa. Kisha akamweleza habari za injini ya kushoto.

Ndege ilikuwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kijana akaomba yapandishwe, yafungwe ndani, kisha msaada wote uondolewe. Akaingia peke yake, akafunga mlango, akakaa kiti cha rubani. Tulimwona kupitia kioo akishika wenzo na kuanza kupampu, midomo yake ikihesabu. Mzee alisimama karibu na bawa, kichwa kimeinama, anasikiliza. Mara ya kumi, ya ishirini. Jasho lilianza kumtoka kijana, naye hakubadilisha mkono. Magurudumu yalishuka polepole, la pua, la kulia, la kushoto, na tukasikia mlio wa kufunga. Ndani, taa tatu za kijani zikawaka.

Alifungua mlango. "Thelathini na saba," akasema, akatoa kalamu mfukoni akaiandika nambari hiyo kwenye kiganja chake.